Kuwamba na Kukaza: Historia ya Ngozi ya Ngoma katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika maandishi mengi yahusuyo ngoma za Afrika ya Mashariki, ngoma hupangwa kwa umbo la mzinga wake. Husemwa ya kwamba hii ni ndefu na ile ni fupi; hii ina uso mmoja, ile ina nyuso mbili; hii imechongwa katika mti fulani, ile katika mti mwingine. Mpango huo una faida yake, na tangu Hornbostel na Sachs walipotoa uainishaji wao wa ala mwaka 1914 umewasaidia watafiti wengi. Lakini wataalamu hao wawili walitenga pia nafasi ya kueleza namna ngozi inavyoshikizwa, kama imegundishwa, imepigiliwa au imefungwa kwa kamba, na nafasi hiyo ndiyo isahaulikayo. Makala haya yanakusudia kuichukua nafasi hiyo iliyosahaulika na kuitumia kusomea historia ya ngoma katika Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya.

Tutaitazama Nyeri kwanza, kisha miji jirani ya Karatina, Nanyuki na Chuka. Pale itakapobidi tutateremka pwani au tutavuka hadi Buganda, kwa sababu maneno na vyombo vyenyewe vilisafiri njia hizo. Hoja yetu ni moja. Kuifunga ngozi juu ya mzinga ni tendo moja, na kuipa mvutano ni tendo la pili. Katika ngoma za vigingi matendo haya mawili hufanyika pamoja, mara moja, kwa mkono mmoja. Katika ngoma za kamba yanaanza kuachana. Katika ngoma za skurubu yameachana kabisa. Nyeri iliipokea ngoma wakati ambapo matendo hayo yalikuwa yameanza kuachana, na jambo hilo limeacha alama katika lugha kama lilivyoacha katika vyombo.

Jambo hili si la fundi peke yake. Zipo kauli mbili zisikikazo mara kwa mara juu ya ngoma za Mlimani. Ya kwanza yasema ya kwamba Wagĩkũyũ walikuwa na ngoma nyingi kama majirani zao, kisha wamisionari wakaja wakazikomesha. Ya pili yasema ya kwamba ngoma ipigwayo leo makanisani na barabarani, yenye pete za chuma na bolti, si ngoma ya Kiafrika bali ni kitu cha Kizungu kilichopakwa rangi. Kauli hizi zaonekana kupingana, lakini mama yao ni mmoja. Zote mbili zadhani ya kwamba palikuwapo ngoma moja ya asili, sawa kila mahali, ambayo ama ilipotea ama iliharibiwa. Aumiaye kwa dhana hiyo ni fundi wa Nyeri au wa Karatina, ambaye kazi yake haihesabiwi kuwa ufundi wa jadi wala haihesabiwi kuwa ufundi wa kisasa.

Kitenzi na jamaa zake

Kiswahili kinacho kitenzi kamili kwa tendo la kwanza, nacho ni kuwamba. Huwambwa ngoma, huwambwa kitanda cha kamba, huwambwa ngozi mbichi; na kutokana na kitenzi hicho tumepata kiwambo. Mzizi wake ni wa kale, na umo miongoni mwa mizizi ya Kibantu iliyolinganishwa na Malcolm Guthrie katika kazi yake kubwa iliyotoka kati ya mwaka 1967 na 1971. Mabadiliko ya sauti yake ni yale yale tuyaonayo katika neno la watu. Waganda husema abantu, Waswahili watu, Wagĩkũyũ andũ. Na vivyo hivyo Waganda husema bamba, Waswahili wamba, Wagĩkũyũ amba. Ile b ya kale imebaki Buganda, imelainika pwani, na imetoweka Mlimani.

Sauti zimefuata kanuni. Maana ndizo zilizotawanyika. Buganda na pwani kitenzi hiki kiliingia katika karakana ya mchonga ngoma na hakijatoka humo hata leo. Kwa Wagĩkũyũ kilibaki uani. Kwamba rũũa ni kuitandaza ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe chini na kuipigilia vigingi pembeni pande zote, ikauke bila kujikunja, ili baadaye iwe vazi au tandiko la kulalia. Ufundi wa kuinyosha ngozi mbichi kwa vigingi ulijulikana katika kila boma. Kilichokosekana ni haja ya kuupandisha ufundi huo juu ya mzinga na kuupiga.

Kisha kikaja kisa ambacho hatujui kama kina mfano wake mahali pengine karibu. Watafsiri wa Biblia katika Kigĩkũyũ walipotafuta neno la kusulubisha, walilichukua neno hili la uani: kumwamba mtu juu ya mti. Picha ni ya kutisha na ni sahihi, kwa maana mwili umenyoshwa, viungo vimevutwa, misumari imepigwa pembeni. Watafsiri wa Kiswahili hawakuihitaji picha hiyo, kwani pwani palikuwapo tayari neno lenye asili ya Kiarabu. Basi neno lile lile likawa la furaha pwani na la msiba Mlimani. Mwenye kuifundisha Kiswahili darasa la Nyeri na akataja kuwamba ngoma, yafaa ajue ya kwamba masikioni mwa wanafunzi wake neno hilo lina jamaa mzito.

Waswahili wana methali isemayo mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Kwa kawaida hufasiriwa kwa maana ya tabia, yaani kila mtu hupendelea upande wake. Sisi tungependa kuisoma kwanza kwa maana ya ufundi, kwa sababu hapo ndipo ilipozaliwa. Ngozi hulowekwa majini hata ilainike. Huwekwa juu ya mdomo wa mzinga ingali mbichi, ikavutwa kwa mkono, na kigingi cha kwanza kikapigiliwa. Fundi mwema hapigilii kigingi cha pili kando ya cha kwanza. Huzunguka akakipigilia upande wa pili, mkabala na kile cha kwanza, kisha huenda kulia, kisha kushoto, mpaka mdomo wote umeshikwa. Anayekaa mahali pamoja na kuvuta kwake huipata ngozi iliyokaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, nayo ikikauka hivyo, imekauka. Hakuna dawa. Methali hii ina ukali wake kwa sababu katika ngoma ya vigingi kuwamba ndiko kukaza, na aliyewamba vibaya amekaza vibaya.

Kuna sababu ya kimaumbile inayoufanya mkono wa fundi uwe na uzito huo. Sauti ya ngozi haipandi sawasawa na mvutano wake, bali hupanda kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha mvutano huo. Ili sauti ya ngoma ipande kwa oktava moja, mvutano hauna budi kuwa mara nne ya ulivyokuwa. Mkono wa binadamu hauwezi kuipa ngozi mbichi nguvu kama hiyo. Kazi kubwa huifanya ngozi yenyewe inapokauka na kunywea. Mkono huweka usawa, jua huweka nguvu. Ndiyo maana ngoma za namna hii, zikishakuwambwa, hazina njia nyingine ya kupandishwa ila kupashwa moto au kuanikwa, na hazina njia ya kushushwa ila kwa maji au kwa kubandikwa nta na vitu vya kunata usoni. Na ndiyo maana pia ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, kwa kuwa ngozi iliyokaushwa kupita kiasi imefika mwisho wa uwezo wake.

Sasa fikiria hali ya hewa ya Nyeri. Mji uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Mvua ndefu huanza Machi na kwenda hata Mei, mvua fupi huja Oktoba, na kati yake kuna gathano, majira ya baridi na ukungu, ambapo siku nyingi jua halionekani kabla ya adhuhuri. Ngozi huvuta unyevu wa hewa na kulegea. Ngoma iliyowambwa Mombasa ikatoa sauti kali huweza kupelekwa Nyeri mwezi wa Julai ikatoa sauti ya gunia. Hatusemi ya kwamba ukungu ndio uliowazuia Wagĩkũyũ wasiwe watu wa ngoma, maana Wachuka wanaishi chini ya mlima huo huo, ijapokuwa upande wa mashariki, nao ni mabingwa. Tunasema tu ya kwamba katika nchi kama hii chombo cha kukaza tena kina thamani kubwa kuliko pwani, na atakayekileta atapokelewa.

Pipa la asali

Neno ngoma lenyewe lina matata Nyeri. Katika Kigĩkũyũ ngoma ni roho za waliokufa, na baada ya kuja kwa Ukristo neno hilo limekuwa la shetani. Wengine wamedhani ya kwamba ni neno lile lile la Kiswahili lililochafuliwa na wamisionari. Sivyo. Kitenzi kũkoma ni kulala, na kwa kanuni ya kawaida ya Kigĩkũyũ k ikitanguliwa na king'ong'o huwa ng; ngoma basi ni walalao. Jamaa zake wa kweli ni koma za Wamijikenda, yaani mizimu ya wazee, na neno koma la Kiswahili cha zamani. Ngoma ya kupigwa ina mzizi wake mwingine kabisa, ambao Waganda na Waswahili wameuhifadhi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alieleza kwa urefu makundi ya ngoma hizi za roho, za wazazi, za ukoo na za rika, na msomaji wa Kiswahili asipotahadhari aweza kusoma kurasa zile akasikia midundo isiyokuwapo.

Neno ambalo Wagĩkũyũ walilitumia kwa ngoma ni kĩhembe. Nalo lina habari. Kĩhembe ni pia pipa la asali, yaani kipande cha gogo kilichotobolewa kikawa mzinga mfupi, kikazibwa kwa ngozi. Majirani zao Wakamba huliita pipa lao la asali kĩthembe, na mapipa hayo yana nafasi ya heshima katika mahari. Mtu akilitazama pipa kama hilo kwa jicho la fundi wa ngoma, ataona ya kwamba halikosi kitu. Kuna mti uliotobolewa. Kuna ngozi iliyovikwa mdomoni ingali mbichi. Kuna kunywea kwa ngozi inapokauka, ambako hulifunga pipa lisipitishe chungu wala hewa. Kila kitu kipo ila nia ya kupiga. Kwa hiyo twaona ya kwamba Wagĩkũyũ hawakukosa ufundi wa kufunga ngozi juu ya mti. Waliutumia kwa kutunza asali, na jina la chombo hicho likapanuliwa kukipokea chombo kipya kilichofanana nacho.

Muziki wenyewe ulisimama juu ya vitu vingine. Sauti ya mwimbishaji na itikio la kundi zilitangulia. Miguuni palikuwapo njuga. Palikuwapo coro, yaani baragumu, na mũtũrĩrũ, yaani filimbi. Na palikuwapo gĩcandĩ, kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje, ambacho Padre Merlo Pick wa Consolata alikichapishia kitabu mwaka 1973. Hata katika karne ya ishirini, vijana walipobuni mwomboko na kuuchezea kinanda cha mkono, chombo walichokichagua kushika mwendo hakikuwa ngoma. Kilikuwa karĩng'arĩng'a, pete ya chuma igongwayo kwa chuma. Chuma hakilegei kwa ukungu.

Mashariki ya mlima mambo ni mengine. Ngoma za Chuka ni ndefu, zina uso mmoja, na upande wa chini ni wazi. Mpigaji huifunga mwilini na kuibana mapajani, akaenda nayo huku akipiga kwa viganja, na kundi zima husogea kama mtu mmoja. Ngoma hizi zimepata sifa katika sherehe za kitaifa na mbele ya watalii kiasi kwamba watu wengi wa mbali huzichukua kuwa ndizo ngoma za Mlima Kenya wote. Mti wa mũringa, ambao mafundi wa pande zote za mlima huusifu kwa kuchongeka kwake, hutoa mizinga ya nyuki kama utoavyo mizinga ya ngoma. Lakini ngoma yenye uso mmoja haina mahali pa kuvutia kamba kutoka ngozi hata ngozi. Hutegemea kunywea na moto, kama za pwani.

Pete na kamba

Kituo cha Nyeri kilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1902, na mwaka huo huo ndio lilipoundwa jeshi la King's African Rifles. Hatutaji jambo hili kwa ajili ya kupamba. Pamoja na bunduki jeshi lilileta bendi, na bendi ililetwa na ngoma ambayo kwa ufundi wake haikufanana na yoyote iliyoelezwa hapo juu.

Katika ngoma hiyo ya askari ngozi haigusani na mzinga kwa kigingi wala kwa gundi. Huviringishwa katika pete nyembamba, na pete hiyo huvikwa mdomoni kama kifuniko. Juu yake huja pete ya pili, nene, iliyotobolewa matundu pembeni. Kamba moja ndefu hupita katika matundu ya pete ya juu, ikashuka hata pete ya chini, ikapanda tena, hivyo hivyo mpaka imezunguka mzinga wote kwa pembe za juu na chini. Kwenye kila pembe kuna kipande cha ngozi kinachozishika kamba mbili pamoja, mithili ya sikio. Sikio likivutwa chini, kamba mbili hukaribiana, njia yake huwa ndefu, nazo huzivuta pete mbili ziende zikaribiane. Ngozi zote mbili hukazika. Sikio likisukumwa juu, zinalegea. Askari huikaza ngoma yake asubuhi kabla ya gwaride, na jioni huilegeza ili ngozi ipumzike.

Wajuao ngoma za Buganda watasema ya kwamba kamba si ngeni. Ni kweli. Engoma ya Kiganda ina nyuso mbili zilizounganishwa kwa kamba za ngozi zinazoteremka pande zote, na Waganda wanacho kitenzi cha pekee, kuleega, kwa kuivuta ngoma ikaze, mbali na kile cha kuiwamba. Lugha yao imetambua mapema ya kwamba matendo ni mawili. Lakini katika ngoma ya Kiganda kamba hupitishwa katika ngozi yenyewe. Pete ya nje haipo. Tofauti hii yaonekana ndogo, nasi twaishikilia, kwa sababu ndiyo itupayo njia ya kuzitenganisha koo mbili za ngoma zilizokutana Nyeri baadaye. Penye kamba iliyotoboa ngozi, tutafute Buganda. Penye kamba iliyoshika pete, tutafute bendi.

Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka 1921, nalo lilikuwa na desturi ya bendi na ngoma kubwa ya begani. Agano Jipya la Kigĩkũyũ lilitoka mwaka 1926, na katika miaka hiyo hiyo walitokea wale walioitwa Watu wa Mungu, au Arathi, ambao leo twawajua kwa jina la Akũrinũ na kwa vilemba vyao vyeupe. Walijitenga na hospitali na na mambo mengi ya Wazungu, na serikali iliwatazama kwa hofu. Mwezi wa Februari 1934 watatu wao waliuawa kwa risasi za polisi katika msitu wa Ndarũgũ. Ngoma imekuwa alama ya ibada yao. Ni silinda yenye nyuso mbili, huning'inizwa begani kwa mkanda, huzungushiwa kamba za juu na chini, na mpigaji huenda nayo njiani.

Ni rai yetu ya kwamba ngoma hii ni mtoto wa ngoma ya bendi. Mkanda wa begani, umbo la silinda na pete zinazoshikwa kwa kamba havitokani na Chuka wala Buganda. Wanaume wengi wa Nyeri walipitia jeshini au katika kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na wakaziona ngoma hizo zikifanya kazi katika mvua na katika jua. Msomaji atauliza itakuwaje watu waliokataa vitu vya Wazungu waichukue ngoma ya askari. Jibu letu ni kwamba hawakuichukua kama ya askari. Zaburi ziliwaamuru wamsifu Mungu kwa ngoma. Lugha yao iliita ngoma kĩhembe. Na kĩhembe cha pipa walikuwa nacho nyumbani. Walichokikopa ni njia ya kukaza tu. Jina, mti na ngozi vilikuwa vyao, na hakuna aliyewadai pete.

Kanisa Katoliki lilichelewa, kisha likaja kwa njia nyingine. Wamisionari wa Consolata walikuwa Nyeri tangu mwaka 1903, na piga chapa yao ndiyo iliyotoa mwaka 1933 kitabu cha Padre Cagnolo juu ya Wagĩkũyũ. Lakini ibada ilikuwa ya Kilatini na ala yake ilikuwa kinanda. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyoruhusu muziki wa mataifa katika ibada. Katika miaka ya uaskofu wa Caesar Gatimu, aliyeliongoza jimbo la Nyeri kuanzia 1964 hadi 1987, mlango huo ulikuwa wazi. Kwaya zilitaka ngoma, na katika Afrika ya Mashariki soko la ngoma lilikuwa Buganda, ambako kijiji cha Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, kimejulikana kwa mafundi wake. Kwa hiyo Mkatoliki wa Mlimani akitaja ngoma ya asili, mara nyingi machoni pake pana chombo cha Kiganda, mzinga mpana juu na mwembamba chini, na kamba za ngozi ya ng'ombe. Kwake ndiyo asili. Kwa mzee wa Kiakũrinũ asili ni silinda ya begani. Wote wawili ni wa tarafa moja.

Skurubu

Hatua ya mwisho ilikwisha kupigwa Ulaya zamani. Mwaka 1837 Cornelius Ward wa London alipata hataza ya kukaza ngoma kwa skurubu badala ya kamba. Tangu hapo ngoma za bendi zilianza kupata vyuma vyembamba vyenye hesi mwishoni, vinavyoishika pete ya nje na kuivuta chini kila kimoja kwa nafasi yake. Faida yake si nguvu tu. Kamba moja ikivutwa huvuta uso wote na nyuso zote mbili. Skurubu huvuta mahali pake peke yake. Fundi aweza kuisahihisha sehemu moja iliyolegea bila kuzigusa nyingine, na aweza kuukaza uso wa juu na kuuacha wa chini. Kosa la yule mwamba ngoma wa methali sasa lina dawa.

Nyeri ilizizoea ngoma hizi kwa njia ya watoto. Boys' Brigade, chama kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1883, kilipata makao katika makanisa ya Kipresbiteri ya Kenya, na gwaride lake la ngoma na baragumu limekuwa jambo la kawaida katika miji ya Mlimani. Maskauti nao wana sababu yao ya kuja Nyeri, kwa kuwa Baden-Powell alifia huko tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake hutembelewa kila Februari. Mtoto aliyeshika ngoma ya gwaride alijifunza maneno yake: skurubu, nati, spana. Yastahili kukumbukwa ya kwamba Kiswahili cha pwani kilikuwa na parafujo tangu zama za Wareno. Neno hilo halikupanda mlima. Skurubu ilipanda, ikiwa mikononi mwa makanika na ya askari.

Kisha likaja jambo la ngozi yenyewe. Mwaka 1957 Remo Belli alianzisha huko California kampuni ya kutengeneza nyuso za ngoma za plastiki. Uso wa plastiki haunywi maji. Ukikazwa leo, kesho uko pale pale, gathano au themithũ. Lakini hauwezi kuwambwa kwa vigingi, kwa kuwa haunywei ukikauka. Mvutano wake wote hauna budi kutoka kwenye chuma. Kwa hiyo plastiki na skurubu haviachani, na popote plastiki iingiapo kitenzi kuwamba hakina kazi. Uso huja ukiwa umekwisha kushikwa na pete yake kiwandani. Anayeununua huuweka tu, halafu anakaza.

Fundi wa mabati wa miji yetu amesimama katikati ya haya yote. Mzinga wake si wa mũringa, ambao umekuwa ghali, bali ni bati lililokunjwa na kuungwa. Pete zake ni nondo zilizopindwa. Ngozi yake ni ya mbuzi au ya ng'ombe, iliyolowekwa kama zamani. Vyuma vyake vya kukazia ni vipande vya nondo vilivyochongwa hesi upande mmoja na kupindwa kama ndoano upande mwingine, na nati zake ni zile zinazouzwa dukani kwa ajili ya kuezekea. Katika chombo kimoja hukutana kunywea kwa ngozi, ambako ni kwa pipa la asali, na hesi, ambayo ni ya London. Asiyeuona ufundi hapo anautafuta mahali pasipo pake. Ngozi mbichi na skurubu hazipatani kwa urahisi: ngozi inaponywea huivuta pete kwa nguvu isiyopimwa, na fundi asipozilegeza nati wakati wa kukauka, ama pete hupinda ama ngozi hupasuka penye ndoano. Ni lazima akae na ngoma yake siku mbili tatu, akilegeza kidogo, akingoja, kisha akikaza kidogo, na kila mara akienda mkabala, nati hii kisha ile inayoielekea. Mfululizo huo wa mkabala ni ule ule wa vigingi.

Kwa upande wa lugha kazi bado ni nyingi. Kiswahili hakijawa na majina yaliyokubalika ya pete hizi mbili. Katika makala haya tumelazimika kuzieleza kwa unene wake na kwa mahali pake. Sikio la ngozi linalozishika kamba twalitaja kwa kufananisha tu. Luganda linatufundisha ya kwamba yafaa kuwa na kitenzi cha kuwamba na kingine cha kuvuta ikaze, nasi tunacho kukaza, ijapokuwa kamusi hazikitaji kwa ngoma. Kwa Kigĩkũyũ, maneno ya wapigaji wa Kiakũrinũ kwa kamba, pete na mkanda hayajakusanywa mahali pamoja. Na Chuka, ambako ngoma bado hutegemea moto, inafaa mtu aende aulize jinsi wazee wanavyouita ule wakati wa kuipasha ngoma kabla ya kuipiga, kama ni kuiamsha, kuikausha au neno jingine, kabla nyuso za plastiki hazijafika huko nako.